Ile faili ndogo inajua namna gani ulichagua nini?

Mu nyumba nyingi za wachimbaji, kompyuta inaingia siku mutoto anapoanza masomo ya juu. Mara nyingi ni mashini iliyokwisha kutumiwa na wengine, imefutwa yote: Windows iko ndani, na kitu kingine hakuna. Haifungui vizuri kazi ya profesa, haichezi video za kila aina, haijui kufungua kila aina ya mafaili yaliyofungwa pamoja. Basi mutoto anaingia ku intaneti kutafuta programu moja moja, na kila moja inamuuliza maswali: unakubali? Tukuongezee na hii ya bure? Tubadilishe na ukurasa wako wa kwanza? Akibonyeza «oui» mara tano bila kusoma, jioni mashini imejaa vitu ambavyo hakuna mutu aliviomba.

Wengine wamepata njia fupi. Kuko saiti moja ya Marekani, Ninite, iliyoanza mwaka 2009. Inaonyesha orodha ya programu, na pembeni ya kila moja kasanduku ka kutia alama. Unatia alama ku VLC juu ya video, ku 7-Zip juu ya mafaili yaliyofungwa, ku LibreOffice juu ya kuandika, ku Firefox juu ya intaneti. Unabonyeza mara moja, na faili moja inashuka, ndogo sana. Ukiifungua haikuulizi kitu. Baada ya muda programu zote nne ziko mahali pake, mu luga ya mashini yako, bila zile nyongeza za kubandikwa kwa nguvu.

Hapo njo swali linatoka. Mutoto analeta swali kwa baba, baba anamuangalia mama, na mama anasema muulize ule kijana wa siber: «Nilichagula programu ku saiti. Hii faili haikuwako pale wakati nilichagula. Sasa nani aliiambia?»

Ni swali zuri kuliko linavyoonekana. Ndani ya jibu lake kuko mambo yanayogusa mega zenu, siri zenu, na usalama wa mashini mliyolipa kwa jasho.

Tuanze na yale ambayo si jibu. Chombo cha kutembelea intaneti, Chrome ao Firefox ao Edge, na ile faili uliyoshusha (wengi tunasema «kutelesharje») ni vitu viwili visivyojuana. Alama ulizotia ku ukurasa zinabaki mu kumbukumbu ya chombo kile. Faili, ikifunguliwa, ni programu nyingine kabisa. Haina desturi ya kwenda kupekua kumbukumbu ya jirani yake. Ni sawa mutu aliyetumwa ku depo: yeye hakusikia vile mlivyoongea nyumbani, anajua paka kile kilichoandikwa ku karatasi aliyopewa.

Mutu mwingine atasema: basi seva ya saiti inakumbuka. Inaandika kwamba mutu wa adresi fulani alichagua programu fulani, na faili ikiamka inauliza seva: mwenye adresi yangu alitaka nini? Kwa mawazo inawezekana, lakini kwetu ingeleta fujo. Wengi wetu tunaingia ku intaneti kwa simu, na kampuni za simu zinaweka wateja wengi nyuma ya adresi moja ya intaneti. Watu wawili wa mutaa mumoja wakichagua dakika ileile, mumoja angeletewa programu za mwenzake. Tena watu hawafungui faili ku mashini ileile waliyoshushia. Unashusha ku siber, unatia ndani ya kle, unaenda kufungua nyumbani. Adresi imebadilika, na seva imepotea.

Kwa hiyo agizo lazima lisafiri pamoja na faili yenyewe. Swali linabaki moja: liandikwe wapi?

Pahali pa kwanza ambapo kila mutu angefikiri ni jina la faili. Kuko programu zinazofanya hivyo kweli: zikiamka zinasoma jina lao zenyewe na kujua kazi yao. Ni rahisi, ila jina ni kitu cha kuchezewa. Ukishusha mara mbili, mashini inaongeza «(1)» mwishoni. Mutoto anabadilisha jina ili akumbuke, mutu mwingine anaituma kwa simu na simu inaandika jina lake. Agizo limekufa njiani.

Njia ya pili ni kutengeneza faili mpya kwa kila mteja, agizo likiwa limeandikwa ndani kabisa. Hii ni salama zaidi, ila ina bei, na kuelewa bei yake lazima kwanza tuongee juu ya muhuri.

Programu nyingi za kweli za Windows zinatoka kwa mtengenezaji zikiwa zimefungwa kwa muhuri. Si rangi wala karatasi, ni hesabu. Mashini ya mtengenezaji inapitia faili yote, herufi kwa herufi, na kutoa namba moja ndefu. Fikirini mizani ambayo ingeona hata chembe moja ya mchanga iliyoongezwa mu mufuko wa kilo hamsini. Kisha namba ile inafungwa kwa ufunguo wa siri ambao mtengenezaji peke yake anao. Faili ikifika kwako, Windows inapima tena. Namba zikilingana, inakuonyesha jina la kampuni. Zisipolingana, mutu amegusa ndani.

Sasa muone shida. Kama kila mteja anapata faili yake, kila faili inahitaji muhuri wake. Ufunguo wa siri ungepashwa kukaa ku seva inayoangalia intaneti usiku na mchana, mahali wezi wanapita. Hakuna depo inayoacha mashini ya muhuri mlangoni. Kampuni zenye akili zinaweka ufunguo ule mbali, zinapiga muhuri mara moja, na kugawa faili ileile kwa watu wote.

Faili ileile kwa watu wote, lakini agizo la kila mutu tofauti. Inawezekana namna gani? Hapo njo ufundi uko.

Wachimbaji wa kasiterite, koltani na wolframite wa Kivu, Maniema na Tanganyika wataelewa haraka, juu wao wanaishi na etiketi. (Kwa ndugu wa Kolwezi na Likasi, wenye shaba na kobalti, etiketi hii si yao, lakini wameisikia.) Pale shimoni mufuko unapimwa, ajenti wa serikali anaufunga kwa etiketi ya plastiki yenye namba, na namba inaandikwa mu kaye pamoja na kilo na tarehe. Ukifika kwa negosia, etiketi ya pili. Etiketi ikikazwa, shingo ya mufuko haifunguki bila kuikata. Lakini plastiki ile ina mkia unaobaki inje ya fundo. Mutu akiandika kitu kwa biki ku mkia ule, je, mufuko umefunguliwa? Hapana. Mawe ni yaleyale, fundo ni lilelile.

Muhuri wa Windows nao una mkia. Muhuri hauwezi kujipima wenyewe: kama ungehesabiwa ndani ya namba ambayo yenyewe inaibeba, namba isingeisha kubadilika. Kwa hiyo wakati wa kupima, Windows inaruka pahali patatu: namba fulani ya ukaguzi mwanzoni mwa faili, mstari unaosema muhuri uko wapi, na ile nafasi yote ambamo muhuri umekaa. Nafasi ile ya mwisho, mwishoni mwa faili, inaweza kurefushwa kidogo. Maneno yakiandikwa pale, mizani haiyaoni. Muhuri unabaki mzuri.

Seva basi inafanya kazi ndogo sana. Inachukua nakala ya faili iliyokwisha kupigwa muhuri, inaandika mkiani agizo la mteja huyu, inamupa. Haigusi ufunguo wa siri, haitengenezi kitu upya. Faili ikifunguliwa ku mashini yako inajisoma yenyewe, inafika mkiani, inakuta agizo, na kuanza kazi.

Hii si hadithi ya kusikia. Google walifungua mbele ya watu wote kodi ya chombo chao cha kuweka programu, kinachoitwa Omaha, mwaka uleule wa 2009, na mutu yeyote anayejua kusoma kodi anaweza kuangalia. Mkia wao unaanza na alama «Gact2.0Omaha», halafu namba inayosema maneno ni marefu kiasi gani, halafu maneno yenyewe: ni programu gani, jina lake nani, luga gani, na kama inahitaji ruhusa ya mkubwa wa mashini. Chombo ni kimoja. Mkia njo unaosema kama wewe umekuja kutafuta Chrome ao kitu kingine cha Google. Firefox nayo inatumia nafasi hii, na tutarudi kwake, juu ya sababu nyingine.

Muangalie vizuri kile agizo linabeba: majina, namba, ndiyo ao hapana. Halibebi programu. Kinachoshuka kwanza ni kijana wa kutumwa na karatasi mkononi. Mizigo anaenda kuitafuta yeye. Ninite inafanya hivyo: faili inafunguliwa, inaenda kuchukua kila programu ku saiti ya mtengenezaji wake, inakagua muhuri ao namba ya kila moja mbele ya kuiamsha, inaiweka. Chombo kilichotengenezwa vizuri kina orodha yake, na agizo linaweza tu kuchagua ndani ya orodha ile. Mutu mbaya akiandika mkiani jina lisilo mu orodha, chombo kinapashwa kukataa. Mkia wa namna hii hauna hatari kubwa.

Hatari inaanza pale mkia unaporuhusiwa kusema zaidi ya hapo.

Microsoft wenyewe waliona tundu hili. Tarehe 10 Desemba 2013 walitangaza kwamba Windows itaanza kukataa faili yenye maneno ya ziada ndani ya nafasi ya muhuri, na walipanga kuifanya sheria kwa mashini zote mwaka 2014. Lakini programu nyingi za halali zilikuwa zinategemea mkia ule. Tarehe 29 Julai 2014 wakarudi nyuma: ukaguzi mkali ungebaki, lakini kwa mwenye kutaka kuuwasha mwenyewe. Mpaka leo mashini ya kawaida inakubali. Mimi naona walipima kati ya kero mbili na kuchagua ile iliyokuwa mbali na macho.

Haikubaki mbali. Mu Januari 2022, kampuni ya usalama Check Point ilieleza namna wezi wa kundi la Zloader, wanaowinda namba za siri za benki, walivyochukua faili ya kweli ya Microsoft na kuandika amri zao ndani ya nafasi ya muhuri. Muhuri uliendelea kusema «Microsoft», na ulikuwa wa Microsoft kweli. Watu zaidi ya 2,000 mu nchi 111 waliguswa. Mu Machi 2023 ikawa zamu ya 3CX, programu ya kupiga simu inayotumiwa mu maofisi: wavamizi walipachika mzigo wao mkiani mwa faili nyingine yenye muhuri wa Microsoft, na ukaguzi wa kawaida haukuona kitu. Tuseme ukweli wote: maneno ya mkiani peke yake hayafanyi kazi, lazima kuwe programu ya pili inayoyasoma na kuyatii. Sawa karatasi mu mfuko wa suruali. Haitembei mpaka mutu aisome.

Kesi ya 2025 inafundisha zaidi. ScreenConnect ni programu ya mafundi: fundi aliye mbali anashika mashini yako na kuitengeneza, wewe ukiangalia. Sehemu ya maagizo yake ilikuwa inakaa mu nafasi isiyopimwa, na maagizo yale hayakuwa tu «chagua hii ku orodha». Yalisema mashini ifungulie mlango nani, na iandike maneno gani ku kioo. Wezi wakaandika adresi yao, wakaandika ku kioo kwamba ni Windows inajirekebisha, wakatuma kwa watu. Muhuri wa kampuni ulikuwa safi. Kampuni ya Ujerumani, G DATA, ilionyesha mambo hayo, na wenye programu wakabadilisha mihuri yao.

Wale wa etiketi za plastiki hawatashangaa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mu raporo zao, zaidi ya mara moja, kwamba etiketi za kweli zilikutwa zimefunga mawe ya machimbo yasiyoruhusiwa. Etiketi haikuwa ya uongo. Ilikuwa imewekwa kazi isiyo yake.

Sasa turudi ku Firefox. Mwaka 2022 ilijulikana kwamba kila mara mutu anashusha Firefox ku saiti ya Mozilla, faili yake inaandikwa namba ya peke yake, isiyofanana na ya mutu mwingine. Namba ile inawasaidia kuunganisha kushusha na kuweka: wanajua faili iliyoshushwa siku fulani ndiyo iliyofunguliwa siku fulani. Hawakuandika jina la mutu. Ila munaona kwamba mkia uliotengenezwa juu ya kubeba agizo unaweza kubeba pia alama ya kukufuata, na wewe hauoni kitu. Ku siber, pale kijana anashusha faili mara moja na kuigawa kwa kle ku mashini kumi na tano, mashini zote zinabeba namba ya mutu mumoja. Sisi bila kujua tunawaharibia hesabu, na sidhani kama kuna mutu atalia.

Kugawa kwa kle kuna jambo lingine. Ukimupa jirani faili yako ya Ninite, unamupa agizo lako. Kama ulichagua LibreOffice na VLC, naye atawekewa LibreOffice na VLC, hata kama alitaka paka VLC. Kubadilisha jina la faili si njia ya kubadilisha kile kilichoandikwa mkiani.

Na hapa mega zinaingia. Watu wanaona faili ndogo, wanasema: inakula kidogo. Kijana wa kutumwa njo mudogo. Mizigo ni mikubwa. LibreOffice peke yake inapita mega 300, VLC ni karibu 40. Mwenye forfè ya mega 500 akitia alama ku programu sita na kubonyeza, forfè itaisha mbele ya kazi kuisha. Na faili ile ikifunguliwa ku mashini isiyo na intaneti haiweki kitu, juu ndani yake programu hazimo. Kama nyumbani hakuna rezo nzuri, afadhali kushusha programu nzima ku siber, moja moja, ku saiti za wenyewe, na kuzibeba kwa kle.

Namna ya kuangalia muhuri ni rahisi, na mutoto wa miaka kumi na miwili anaweza. Mbele ya kufungua faili, bonyeza juu yake kwa kidole cha kuume cha souris, chagua «Propriétés», halafu tafuta «Signatures numériques». Kama sehemu hiyo haiko kabisa, faili haina muhuri. Usiifungue kama haujui imetoka wapi. Kama iko, soma jina: je, ni la kampuni uliyoifuata? Faili inayosema ni Chrome na muhuri wa mutu mwingine ni ya kutupa. Ila hata jina likiwa sawa, mnajua sasa kwamba muhuri unasema nani alifunga mufuko, hausemi mkiani kumeandikwa nini wala na nani. Kwa hiyo pahali ulipoitoa faili pana uzito sawa na muhuri. Faili iliyotoka moja kwa moja ku saiti ya mwenyewe, mkia wake umeandikwa na mwenyewe. Ile iliyotumwa ku WhatsApp na mutu anayesema ni fundi, ao iliyoshuka kutoka kibao kikubwa cha «Télécharger» ku ukurasa wa matangazo, mkia wake ungeweza kuandikwa na yeyote.

Na kwa mashini ya mkubwa wa kazi, ile ya ofisi ya kooperative inayoshika hesabu za kilo na malipo ya watu, fundi anaweza kuwasha ule ukaguzi mkali wa Microsoft. Mbele ya hapo ajaribu ku mashini moja, juu programu fulani za halali zitakataliwa.

Ile faili ya Ninite usiifute. Baada ya miezi mitatu ukiifungua tena, itasoma agizo lilelile, italinganisha na zile programu ziko mu mashini, na kushusha paka zile ambazo zimepata toleo jipya, zingine itaziruka. Kama sasa mutoto anataka na programu ya kuchora, faili ile haiwezi kumusaidia. Arudi ku saiti, atie alama upya, ashushe nyingine.